Chai ya kijani na vidonge vya kuongeza damu kwa mjamzito

Swali: Naishi Masasi na nina ujauzito wa miezi mitano. Kliniki walinipima damu wakanikuta na 10.2, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, lakini nikivimeza roho inachafuka na choo kimekuwa cheusi. Jirani yangu anauza chai ya kijani na anasema ninywe vikombe vitatu kila siku pamoja na chakula, kwa kuwa inasafisha damu na ni ya asili. Je, ni salama kwa mtoto?

Jibu la mfamasia, Mtwara: Dada yangu, chai ya kijani ikinywewa kwa kiasi haimdhuru mtoto. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo 10.2 na maneno uliyoambiwa kuhusu kusafisha damu, maneno ambayo wajawazito wananiletea dirishani karibu kila wiki.

Suala la kafeini ni jepesi. Kikombe kimoja cha chai ya kijani huwa na miligramu 30 hadi 45 hivi, kutegemea wingi wa majani na muda yaliyokaa katika maji ya moto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze, ili kuepuka hatari ya mimba kuharibika na ya kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu. Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 200, nami nakipendelea hicho, kwa sababu kadiri mimba inavyokua ndivyo mwili wa mama unavyochelewa kuiondoa kafeini, na mtoto tumboni hana uwezo wa kuivunja mwenyewe. Katika hesabu hiyo ingiza pia chai ya rangi, ambayo hutoka kwenye mmea uleule, pamoja na kahawa na soda za kola. Kikombe kimoja au viwili vya chai ya kijani kwa siku vinakutosha.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hakuna chai inayosafisha damu. Kazi hiyo hufanywa na ini na figo, usiku na mchana, bila kuhitaji pakiti ya mtu yeyote. Damu yako haina uchafu. Ina upungufu, kwani mjamzito mwenye chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu, na kinachohitajika ni madini ya chuma. Chai ya kijani ina tanini na katekini, ambazo hujishikiza kwenye chuma ndani ya utumbo na kukizuia kuingia mwilini. Chuma kinachoathirika zaidi ni kile cha vidonge na cha vyakula vya mimea, yaani kisamvu, mchicha, kunde na mbaazi, ambavyo ndivyo mboga za kila siku katika nyumba nyingi za huku kwetu. Mama anayekunywa chai hiyo pamoja na chakula, kisha akameza kidonge kwa chai hiyohiyo, anajinyima kwa mkono wake mwenyewe, tena katika mikoa ambayo malaria na minyoo ya safura tayari inampunguzia damu.

Weusi wa choo usikutishe: ni chuma ambacho hakikufyonzwa, wala si dalili kwamba dawa inakuchafua. Roho ikichafuka, meza kidonge usiku baada ya kula, kwa maji au kwa juisi ya machungwa au ya ndimu, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai ya aina yoyote iwe mbali na kidonge na mlo wako, walau saa moja kabla au saa mbili baada. Hali ikiendelea, mwambie muuguzi wa kliniki, lakini usiache dawa kimyakimya.

Neno «asili» ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu wauzaji wamelifanya kuwa cheti cha usalama. Mihogo michungu nayo ni ya asili, na hakuna mama wa Newala au Tandahimba atakayewapikia wanawe bila kuiandaa kwanza ili sumu itoke. Baadhi ya pakiti zinazouzwa kwa jina la chai ya kusafisha mwili au ya kupunguza tumbo zina sanamaki, ambayo huharisha na kumpotezea mjamzito maji na chumvi. Vipo pia vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa: mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kuwa katekini yake kuu, ikitumiwa kama kirutubisho kwa miligramu 800 au zaidi kwa siku, inaweza kuleta dalili za mwanzo za kuumia kwa ini. Mjamzito asiviguse kabisa. Anayekuuzia bidhaa isiyoonyesha viambato, na papo hapo akakushauri uache dawa ya kliniki, hana analolijua kuhusu mimba yako. Analijua soko lake tu.

Pakiti ya jirani yako ibebe pamoja na kadi yako siku ya kliniki ili isomwe na mtaalamu. Ukianza kuhema kwa shida, moyo kwenda mbio au viganja kupauka, nenda kituoni siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.