Barua zenu: Skrini ilipogeuka nyeusi, Tony alikufa?

Toleo lililopita niliwauliza ni tamthilia gani ya uhalifu ambayo mwisho wake uliwakera au uliwakaa rohoni, na kwa kweli mmeandika. Money Heist imetajwa, Dexter imetajwa, Line of Duty ya Waingereza pia, lakini barua nyingi zimerudi palepale kwa The Sopranos, ile ya HBO, kituo cha TV cha Marekani, kuhusu bosi wa genge Tony Soprano, iliyoanza Januari 1999 ikaisha tarehe 10 Juni 2007. Miaka yote hiyo imepita na bado watu wanagombana! Basi leo tukae hapo kwanza, halafu hizo zingine tuzipitie. Kama hujaimaliza na hutaki kujua inavyoisha, funga ukurasa saa hii, manake hakuna kitu nitaficha.

Dada, mimi niliwekewa misimu yote sita kwa flashi na jamaa wa movie shop hapa mtaani. Nikafika ile episodi ya mwisho, familia imeketi mkahawani, muziki unacheza, mara skrini ikawa nyeusi na sauti ikapotea. Nikarudi kumwambia amenipa kopi mbovu, akaniwekea ingine, ikakatika palepale! Ndio nikaambiwa eti ndivyo ilivyo. Ni haki kweli kumfanyia mtazamaji hivyo baada ya episodi 86?
*Kijana wa Umoja*

Pole sana mdogo wangu, na ujue hauko peke yako. Usiku ule Marekani karibu watu milioni 12 walikuwa wanaangalia, na wengi wao walifikiria vile ulifikiria, kwamba kebo imekatika, wakashika rimoti, wakainama nyuma ya TV kuangalia waya, na wakati wanahangaika majina ya waigizaji yakaanza kupita na ndio wakajua imeisha hivyo. Tovuti ya HBO ikazidiwa na watu waliokimbilia huko na hasira zao. Kile kimya cha weusi kilidumu kama sekunde kumi tu, lakini kwa mtu aliyefuata familia hiyo miaka minane sekunde kumi ni nyingi. Na David Chase, ambaye ndiye aliyebuni tamthilia na ndiye aliyeandika na kuongoza hiyo episodi, alitaka hata hayo majina yasiwepo, weusi uendelee mpaka nembo ya HBO itokee, ila chama cha waongozaji filamu kilimkatalia.

Umeuliza kama ni haki. Mimi mwisho wa hadithi huwa naupima kwa swali moja: je, hii ndiyo hadithi tuliyokuwa tunaangalia tangu mwanzo? Na hapa najibu ndiyo bila kusitasita. Tony Soprano tulimkuta siku ya kwanza kabisa kwa daktari wa akili, mwanamume mkubwa, bosi wa genge la New Jersey, anayeanguka kwa sababu moyo unamwenda mbio na haelewi kwa nini. Hajawahi kutulia, hata akiwa jikoni kwake na chakula mkononi. Sasa rudia hiyo dakika ya mwisho uiangalie polepole. Ni mkahawa wa aiskrimu tu, Holsten's, uko kweli mjini Bloomfield, New Jersey. Tony anaingia, anachagua wimbo wa Journey wa 1981, mkewe Carmela anakuja, kijana wao A.J. anakuja, vitunguu vya kukaanga vinaletwa mezani, na huko nje binti yao Meadow anahangaika kuegesha gari, anaingia anatoka, anaingia anatoka. Hakuna bunduki, hakuna mtu amepandisha sauti, lakini wewe ulikuwa umeshika roho mkononi! Kila mtu aliyeingia kwa ule mlango ulimshuku. Hapo Chase alikuwa amekuchukua akakukalisha kwenye kiti cha Tony, ukaonja dakika chache za maisha ambayo yeye ameishi miaka yote. Hilo ndilo jibu, na mimi nalishukuru mpaka leo.

Dada mpendwa, mimi na baba watoto hatusikizani juu ya jambo hili. Yeye anasema Tony yuko hai kwa sababu vita na genge la New York vilishaisha na bosi wao Phil alishauawa, sasa nani tena angemtaka? Mimi nasema alikufa pale pale kwa meza. Tafadhali tuamue.
*Mama wawili, Kasarani*

Mama, hoja ya baba watoto si ya kupuuzwa. Ni kweli watu wa Phil wenyewe ndio walichoka na vita wakaruhusu bosi wao atafutwe, kwa hivyo kwa hesabu za biashara yao Tony alikuwa salama. Lakini mimi niko upande wako, naamini alikufa, na nitakuonyesha ni kwa nini ninaamini.

Anza na kengele ya mlango. Kila ikilia, Tony anainua macho, kisha kamera inatuonyesha kile anachokiona yeye, mwanamke ameingia, mtu fulani ameingia, Carmela ameingia. Kengele, uso wa Tony, halafu anachoona Tony, mpaka macho yako yanazoea huo mpangilio bila wewe kujua. Sasa mara ya mwisho kengele inalia, Tony anainua macho, na zamu ya kuona anachokiona inapofika, ni weusi na kimya. Wimbo unakatwa katikati ya mstari! Kama tunaona kwa macho ya Tony, basi macho hayo hayaoni kitu tena.

Halafu kumbuka episodi ile wako kwa boti ziwani, yeye na shemeji yake Bobby, Bobby anamwambia kuhusu kuuawa kwamba pengine ikija hata hausikii. Maneno hayo yalirudishwa tena katika episodi ya pili kutoka mwisho, Tony amelala kitandani na bunduki kubwa kifuani, na hakuna mwandishi anayerudisha maneno kama hayo wiki moja kabla ya kufunga bila sababu. Kisha kuna yule mwanamume wa jaketi ya Members Only aliyeingia mbele ya A.J., akaketi kaunta, akawa anatupa jicho kwa meza yao, mwishowe akaenda chooni. Waliotazama The Godfather wanajua bunduki ilitoka chooni kwenye ule mkahawa, na katika The Sopranos yenyewe A.J. aliwahi kumkumbusha baba yake kwamba hiyo ndiyo sini anayoipenda kuliko zote. Na Phil aliuawa vipi? Kwa kituo cha petroli, mkewe na wajukuu wako hapo kwa gari. Episodi ileile, nusu saa haijaisha, Tony naye anaketi na familia yake mbele ya watu wote.

Chase mwenyewe amekuwa akizunguka. Mwaka 2014 makala moja ilimnukuu ikidai amesema Tony hakufa, haraka msemaji wake akatoa taarifa kwamba hakueleweka vizuri na kwamba suala la kufa au kuishi silo la maana. Kisha mwaka 2021 akaliambia jarida la Hollywood Reporter kwamba mpango wake wa kwanza ulikuwa Tony aendeshe gari kutoka New Jersey kwenda mkutanoni New York, na huko akauawe. Alibadilisha mahali, lakini mimi sioni kama alibadilisha nia.

Na umwambie baba watoto hivi: hata kama Tony alimaliza vile vitunguu akaenda nyumbani, muda mfupi kabla wakili wake alikuwa amemwonya kwamba kesi inakaribia, na pale mezani Tony mwenyewe akamwambia Carmela kwamba Carlo, mtu wake mwenyewe, anaelekea kutoa ushahidi. Kwa hivyo huyo Tony wake aliye hai anaishi akisubiri pingu, na kila kengele ikilia atainua macho vilevile.

Mimi naandika kwa uchungu kidogo. Hapa kwetu kesi za kweli haziishi. Nimekua nikisikia ya JM, nikasikia ya Ouko, nimezeeka na bado sijaambiwa nani alifanya nini. Jioni nikikaa mbele ya TV nataka angalau huko mhalifu ashikwe na nilale. Kwa nini hata wao watunyime?
*Mzee wa Buruburu*

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikairudia. Ni kweli kabisa unachosema. J.M. Kariuki aliuawa 1975, mwili ukapatikana kule Ngong, bunge likaunda kamati, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, Februari 1990 akapatikana ameuawa karibu na boma lake Koru, kukawa na uchunguzi juu ya uchunguzi, wapelelezi wakaletwa mpaka kutoka Uingereza, na huyo pia hakuna aliyehukumiwa. Familia zao zimeishi na hilo shimo, na sisi wengine tumejifunza kusoma gazeti tukijua hadithi itakatika katikati. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akidai mwisho uliokamilika, sitamwambia ati hajui sanaa. Anadai kitu alichonyimwa kwingine.

Ila mzee, naomba nikutenganishie mambo mawili. Kwa Ouko na kwa JM kuna mtu anayejua na akanyamaza, na kule kunyamaza kunamlinda aliyeua. Kwa Tony hakuna anayelindwa. Tulijua kila aliyemuua na kila aliyemwamuru auawe, tulikuwa ndani ya gari wakati binamu yake Christopher anazibwa pua, hakuna siri hata moja tuliyofichwa. Kitu pekee hatukupewa ni adhabu tuione kwa macho. Ukitaka tamthilia inayofunga kila mlango basi angalia Breaking Bad, iliisha tarehe 29 Septemba 2013 na watu zaidi ya milioni 10 wakaiangalia usiku huo, kila deni limelipwa na mkosaji amelala chini, na utalala vizuri. Nakutakia usiku mwema kwa moyo wangu wote.

Line of Duty je? Misimu sita tunamtafuta huyo H, mkubwa wa polisi anayeshirikiana na wahalifu kwa siri, kumbe ni Buckells, yule asiyejua hata kazi! Nilitupa rimoti.
*Dereva, Lang'ata*

Watu milioni 12.8 wa Uingereza waliiangalia hiyo tarehe 2 Mei 2021, na nusu yao nahisi walitupa rimoti kama wewe. Mimi naitetea. Tamthilia nzima ilikuwa ikituambia kwamba uozo ndani ya polisi unalindwa na watu wa kawaida, wanaopandishwa cheo huku hawafanyi kitu, na wakubwa wanaoona afadhali isijulikane. Sisi ndio tulitaka jitu la kutisha. Tuliposhindwa kumwona ni kwa sababu tulikuwa tunamdharau, na hilo lilikuwa limeandikwa tangu zamani.

Na Dexter?
*Wanafunzi watatu, Juja*

Hiyo hapana. Mtu ameua miaka minane, anatupa mwili wa dada yake baharini, anaingia kwa kimbunga na boti, halafu tunamkuta hai Oregon anakata miti. Hakukuwa na kitu chochote nyuma kilichotuelekeza huko. Mwaka 2021 waliirudisha Dexter na mwisho mwingine, na mimi naona hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwamba ule wa kwanza haukuwatosheleza hata wenyewe.

Mbona Money Heist walimuua Nairobi wetu kabla hata ya mwisho? Nililia.
*Dada wa Rongai*

Nilisikia uchungu huohuo dada yangu, Aprili 2020 tumefungiwa nyumbani na korona halafu wanatuletea hiyo. Jina la mji wetu lilikuwa kwa mtu mwenye roho kubwa kuliko wote mle ndani, na Alba Flores alimwigiza vizuri sana. Walivyofunga Desemba 2021 tulikuwa tumemwona tena kwenye kumbukumbu za nyuma, lakini ile nafasi aliyoshikilia kwenye kundi ilibaki wazi na mimi niliihisi mpaka dakika ya mwisho.

Sijawahi kuangalia The Sopranos na sasa mmeshaniambia yote. Bado kuna haja?
*Msomaji, South B*

Iko, tena kubwa. Kuna mtu mwaka 2024 alinunua ile meza na viti vyake pale Holsten's kwa mnada wa intaneti, dola 82,600, ni zaidi ya shilingi milioni 10, na huyo alikuwa ameshajua mwisho miaka 17. James Gandolfini aliyeigiza Tony alifariki Roma Juni 2013 akiwa na miaka 51, na wenye mkahawa wakaiwekea meza hiyo kibao kwamba imehifadhiwa. Watu hawapendi hivyo kitu ambacho utamu wake umeisha kwa kuambiwa.

Anza msimu wa kwanza, usiruke. Watoto walale kwanza, manake matusi na damu ni nyingi. Episodi moja kwa usiku inatosha, na ukifika ile ya boti ziwani, iangalie mara mbili.