Ibane briji kabla ya kuagiza bodi mpya

Mkuu, nimekusoma. Una gitaa la umeme aina ya Stratocaster, kile kimkono cha kutikisa sauti hukitumii, uzi mmoja ukikatika katikati ya shoo, nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti, na sasa unataka kuagiza bodi (kiwiliwili cha gitaa) yenye briji, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, isiyocheza.

Usitoe hela kwanza. Fungua kifuniko cha nyuma. Utaona springi zimeshika bonge la chuma lililoshuka kutoka kwenye briji. Tuni gitaa, briji ikae sawa, kisha pima nafasi mbele na nyuma ya hilo bonge. Seremala yeyote wa Keko, Dar es Salaam, atakukatia vipande viwili vya mninga mkavu, kimoja kila upande, viingie kwa kubana bila gundi. Ukichoka, unavitoa. Kwa wengi tatizo huishia hapo, na kwa bei ya soda.

Bado unataka bodi? Hakikisha shingo ya gitaa lako imefungwa kwa skrubu, na upana wa kisigino chake (ncha inayoingia kwenye bodi) unalingana na mfuko wa bodi mpya, yaani tundu la kuipokea shingo. Nyingi ni kama milimita 56, ila pima yako. Briji ikae kwa urefu wa nyuzi wa milimita 648, kutoka kile kipande chenye mifereji kwenye kichwa cha shingo hadi kwenye briji, la sivyo gitaa halitatuni kamwe ukipanda juu ya shingo. Waya wa ethi uliochomelewa kwenye kishikio cha springi uhamie kwenye briji, vinginevyo spika itanguruma.

Mfuko ukibana, usiuchonge mwenyewe. Hiyo mpe fundi wa magitaa. Na ushuru wa kuingiza bodi uuhesabu mapema, maana unauma.