Kwaya ya 44,100 ndani ya video ya 48,000

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya studio, kuna kosa nililifanya mwaka wangu wa kwanza ambalo mpaka leo linaniuma. Kwaya moja ya upande wa Mvumi ilikuja kurekodi kwangu, Chang'ombe, hapa Dodoma. Nilirekodi kwa sampuli 44,100, yaani vipimo vya sauti 44,100, kila sekunde, kisha nikazipeleka treki zote kwa mwenzangu wa Area C aliyekuwa anahariri video. Mradi wake ulikuwa wa 48,000. Mwalimu wa kwaya alisikiliza kidogo tu, akanigeukia: "Mwanangu, hawa si watu wangu."

Alikuwa sahihi. Sauti ya nne ilikuwa imepoteza uzito wote, sauti ya kwanza ilisikika kama ya watoto, na wimbo wa dakika 4 uliisha karibu sekunde 20 kabla ya midomo ya waimbaji kwenye picha. Tuliimba Do ikiwa C. Sasa Do ilikuwa inalia katikati ya C kali na D, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Ukikuta wimbo umekaa hapo, anza kushuku sampuli kabla hujamlaumu mpiga kinanda.

Kilichotokea ni hesabu. Faili la sauti ni mlolongo wa vipimo, pamoja na maelezo ya vipimo vingapi visomwe kila sekunde. Mfumo ukivisoma vile vya 44,100 kwa mwendo wa 48,000, kila kitu kinakwenda mara 1.088 ya kasi yake. Kinyume chake, mahubiri ya saa 1 yaliyorekodiwa kwa 48,000 yakisomwa kwa 44,100 yanafika dakika 65 na sekunde 18, na mhubiri anakuwa na sauti ya mtu mwenye usingizi.

Namba hizi mbili zina asili tofauti. 44,100 ni ya CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, na ilitokana na mashine za mkanda wa video zilizotumika kuhifadhi sauti ya dijitali: sampuli 3 kwa mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Video ya leo inatumia 48,000. Kwaya zetu karibu zote zinataka video, kwa hiyo mtakutana na tatizo hili mapema. Muulizeni mteja kazi inaishia wapi kabla hamjawasha maikrofoni. Kama ni video, rekodini kwa 48,000 tangu mwanzo.

Sasa shikeni hili kuliko yote: kubadili maelezo ya faili si sawa na kugeuza sauti yenyewe. Kwenye Audacity, mojawapo ya programu za kurekodi, ukibadili namba kwenye menyu ndogo iliyo kwenye treki yenyewe, kasi na tyuni vinabadilika, kwa sababu vipimo ni vilevile. Amri ya kusampuli upya, iliyo kwenye menyu kuu ya treki, inakokotoa vipimo vipya. Urefu na tyuni vinabaki. Programu ya Reaper inageuza yenyewe wakati wa kulipiga faili. Pro Tools inakupa nafasi ya kuongeza faili au kuligeuza, na ukiongeza tu bila kugeuza, yanakupata yaliyonipata mimi.

Msitibu kosa hili kwa kushusha tyuni kwa kifaa cha tyuni. Mtaharibu sauti nzima huku faili la asili likiwa salama kabisa, liingizeni upya. Geuzeni mara moja, kutoka kwenye faili la asili, na muache nafasi kidogo juu, kwa maana vilele vya sauti vinaweza kupanda baada ya kugeuza. Mkishuka kutoka 96,000 kwenda 44,100, sikilizeni kwanza ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba: mvumo wake una sauti nyingi za juu, na kigeuzi kibaya hurudisha zile zilizozidi mitetemo 22,050 kwa sekunde, nusu ya 44,100, kama milio isiyokuwepo.

Kama sauti inachelewa sekunde moja tu kwa saa nzima, huo ni ugonjwa mwingine: saa za mashine mbili hazikwendi sawa. Pigeni kofi mwanzoni na mwishoni mwa kila rekodi, mpime umbali kati ya makofi hayo kwenye sauti na kwenye picha. Mkigawanya mkapata 1.088 au 0.919, mmeshajua pa kwenda.

Siku hizi jina la kila faili ninalotoa linaishia na 44 au 48.