Umeajiriwa Serikalini Juzi, Leo Unaambiwa Urudi Nyumbani

Ndugu yangu uliyepata kazi ya serikali hivi karibuni, hongera sana. Najua ulivyohangaika kuipata. Lakini kabla hujaenda benki kuomba mkopo wa mshahara, nisikilize kidogo. Kipindi cha majaribio ndicho kipindi ambacho mtumishi huondolewa kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote, na mara nyingi wageni huondolewa kwa mkupuo, si mmoja mmoja.

Niliyapitia haya mwenyewe nikiwa mgeni kazini katika wilaya moja ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: walimu, wauguzi na sisi wa ofisini, majina yote pamoja, na chini yake sentensi moja kwamba uteuzi wetu umebatilishwa kwa sababu fungu la mishahara halikutosha. Hakuna aliyepewa barua. Wengi walifunga virago jioni ile ile. Muuguzi mmoja, mama mwenye mtoto mchanga mgongoni, akakataa. Alitoa barua yake ya uteuzi kwenye bahasha na kutuonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa namba ya kumbukumbu za kikao cha Tume ya Utumishi ya Wilaya. "Kikao ndicho kilichonipa kazi," akasema. "Nionyesheni kikao kilichoninyang'anya."

Namba ile ndiyo kinga yako ya kwanza, na wengi hata hawaisomi. Barua ya uteuzi husainiwa na CAO, yaani ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, lakini kazi si mali ya CAO. Katiba ya 1995, ibara ya 200, imeipa Tume ya Utumishi ya Wilaya mamlaka ya kuajiri, kuthibitisha, kuadhibu na kuwaondoa watumishi wa wilaya. CAO hupeleka jina na maelezo. Tume ndiyo huamua. Ibara ya 173 nayo inakataza mtumishi wa umma kufukuzwa au kuadhibiwa bila sababu ya haki, na haikuandikwa kwa ajili ya waliothibitishwa peke yao. Ibara ya 42 inampa kila mtu anayefika mbele ya ofisa wa serikali haki ya kutendewa kwa uadilifu, na haki ya kwenda mahakamani asipotendewa hivyo.

Kwa hiyo tuliandika. Kila mmoja barua yake, kwa jina lake, tukiomba tuonyeshwe uamuzi wa Tume. Tulizipeleka masjala tukiwa na nakala mbili mbili, tukasubiri hadi nakala zetu zikagongwa mhuri wa tarehe. Karani alitaka tuache barua tuende zetu. Tukakaa palepale kwenye benchi. Ikaja kubainika kwamba Tume haikuwa imekaa kabisa juu ya suala letu. Walioandika walirudishwa kazini, ingawa malimbikizo ya mshahara yalichelewa mno. Walioondoka kimya kimya, baadhi yao nafasi zao zilijazwa na watu wengine. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, maana haki yao ilikuwa sawasawa na yetu.

Jambo linalowaumiza wengi zaidi ni muda. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa serikali, una miezi mitatu tangu sababu ya malalamiko ilipotokea. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo haki kwa Ofisa Kazi wa wilaya, nayo ni miezi mitatu. Usikae ukingoja mheshimiwa mbunge aliyekuahidi kwamba atalishughulikia. Mwache ashughulikie, lakini wewe karatasi yako iwe imeshapokelewa. Ikiwa ni Tume ya wilaya yenyewe iliyoamua uondoke, rufaa yako inakwenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma, Kampala. Tena fahamu kwamba uamuzi wa wilaya hubaki na nguvu mpaka rufaa isikilizwe, kwa hiyo panga maisha yako ukilijua hilo.

Wenzangu mlio kwenye mashirika ya serikali kwa mkataba, hali yenu ni tofauti na sitawadanganya. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2006, majaribio hayazidi miezi sita, na kuyaongeza miezi mingine isiyozidi sita kunahitaji ukubali wewe mwenyewe. Katika kipindi hicho mwajiri anaweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14 au kukulipa mshahara wa siku 7, na sheria hiyo haimlazimishi kukuita ujitetee kwanza. Ni kinga ndogo. Lakini wakiondolewa wafanyakazi kumi au zaidi ndani ya miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kupanga upya shirika, mwajiri anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi, na kukieleza chama cha wafanyakazi kama kipo. Ulizeni kama barua hiyo iliandikwa. Mwaka 2024 Bunge lilipopitisha sheria za kurudisha mashirika wizarani, UNRA, mamlaka ya barabara, kwenda Wizara ya Ujenzi na UCDA, mamlaka ya kahawa, kwenda Wizara ya Kilimo, tuliona jinsi kazi inavyoweza kuondoka pasipo kosa la mtu. Wazee wetu wanayakumbuka ya miaka ya 1990, utumishi wa umma ulipopunguzwa kutoka watu zaidi ya 300,000 hadi karibu nusu yake.

Si Uganda peke yake. Februari 2025 serikali ya Marekani iliwafukuza maelfu ya watumishi waliokuwa kwenye majaribio, ambayo kule huwa mwaka mmoja, na kwa wengine miwili. Wengi walipata barua zinazofanana zikidai utendaji wao hauridhishi, wakiwemo waliokuwa na tathmini nzuri. Tarehe 13 Machi majaji wawili, William Alsup wa California na James Bredar wa Maryland, waliamuru maelfu warudishwe. Tarehe 8 Aprili Mahakama ya Juu ikaisimamisha amri ya Alsup. Mimi nachukua mambo mawili hapo. Tathmini nzuri iliyoandikwa inaumbua barua ya uongo. Na ushindi wa mahakamani unaweza kusimamishwa wiki chache tu baadaye, huku watoto wanadaiwa karo.

Ndiyo maana nakuomba: fomu yako ya tathmini ijazwe na isainiwe kwa wakati wake, na nakala ukae nayo nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Muda wa majaribio uliotajwa kwenye barua yako ukiisha, mwandikie mkuu wako ukiomba jina lako lipelekwe kwenye Tume uthibitishwe. Usidhani watakumbuka. Nawajua walimu waliofundisha miaka mingi bila kuthibitishwa kwa sababu faili lilikwama kwenye ofisi ya utumishi, na hakuna aliyelifuata.

Mkopo wa mshahara ngoja mpaka uthibitishwe. Nasema hivi nikijua kwamba ndugu wote wameshasikia umeingia serikalini, na kila mmoja ana shida yake. Benki haitaulizia kama orodha ilibandikwa kwa haki au kwa dhuluma, itadai chake.

Na mtu akikuita pembeni akakushauri uandike barua ya kujiuzulu "ili faili lako libaki safi", usiandike. Ukijiuzulu, hakuna uamuzi wa kukatia rufaa tena. Mwambie akupe kwa maandishi anachotaka kukuambia, kisha uipeleke karatasi hiyo kwa Ofisa Kazi au kwa wakili wiki hiyo hiyo.