Jua lina madoa: watu wa zamani waliyaonaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kidato cha pili ananing'ang'ania kwamba jua lina madoa, na kwamba watu waliyahesabu hata kabla ya umeme. Mimi jua hata kulitupia jicho siwezi. Wao waliyaonaje bila kupofuka?
Mama wa watatu, Tabora

JIBU: Marahaba, mama. Mwanao yuko sahihi, mpe hongera yangu. Hawakuhitaji kulikodolea macho jua lenyewe. Ukielekeza darubini juani, kisha ukashika karatasi nyeupe nyuma yake, jua huangukia karatasini kama duara la mwanga, na madoa huonekana kama punje za ufuta. Njia hiyo aliibuni Benedetto Castelli, mwanafunzi wa mwanasayansi Mwitaliano Galileo, na mwalimu wake akachora madoa kwa njia hiyo mwaka 1612. Mjerumani Johannes Fabricius alikuwa amekwisha kuchapisha kijitabu kuhusu madoa hayo mwaka 1611.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau, Ujerumani. Kuanzia 1826 alilichunguza jua kila siku mawingu yaliporuhusu. Alikuwa akitafuta sayari aliyodhani iko karibu na jua kuliko Utaridi, aione ikikatiza mbele ya jua. Ili asiichanganye na madoa, akawa anayahesabu. Sayari hiyo haipo, lakini hesabu zake za miaka 17 zilionyesha madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 10; leo tunasema 11. Alitangaza mwaka 1844, na wachache tu walimsikiliza. Mwaka 1857 Waingereza wakamtunuku medali ya dhahabu, na aliyempelekea mpaka Dessau ni Richard Carrington.

Carrington alikuwa na kituo chake cha kutazamia anga huko Redhill, kusini mwa London. Tarehe 1 Septemba 1859, saa 5:18 asubuhi, alikuwa akichora kundi kubwa la madoa. Ghafla mimuliko miwili myeupe ikatokea juu ya madoa yale. Akakimbia kumwita mtu aje kushuhudia. Aliporudi, hata dakika haijaisha, mwanga ulikwisha kufifia. Saa 17 hivi baadaye dhoruba ya sumaku, yaani mtikisiko wa nguvu ya sumaku ya dunia, ikaikumba dunia, na telegrafu, mitambo ya kutuma ujumbe kwa nyaya, zikavurugika. Tukio hilo likawapa watu sababu nyingine ya kuuliza kama jua linaweza kutugusa kwa zaidi ya joto na mwanga.

Nilipokuwa nafundisha fizikia, nilitumia darubini ndogo ya macho mawili, upande mmoja nimeuziba kwa kipande cha boksi. Unalipa jua mgongo, unaipitisha juu ya bega, unasogeza karatasi mpaka duara litulie. Kijana wako aweza kufanya hivyo, wewe ukiwa naye. Asichungulie kwenye darubini kamwe, hata kwa kufumba na kufumbua, wala asiiache mezani wadogo zake wakaiokota.