Tuko wanane, pedi mbili za gemu, na usiku mzima baada ya tarawehe

Swali:

Assalaam alaykum, fundi. Mimi niko Wete, Pemba. Mwezi wa Ramadhani huwa tunakutana kwa rafiki yetu baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Tunakuwa sita, siku nyengine wanane. Tuna laptopu ya zamani kidogo yenye Windows 10 na RAM ya GB 4, tivii ya inchi 32 na pedi mbili za USB. Tunacheza mpira tu. Wawili wanacheza, waliobaki wanachezea simu zao, na ikifika saa sita nusu ya watu washaondoka. Nataka gemu fupi za kucheza wengi kwenye skrini moja bila intaneti. Jambo la pili, tukiunganisha kwenye tivii, ukibonyeza kitufe mchezaji anachelewa kuitika, lakini kwenye skrini ya laptopu yuko sawa. Ninunue pedi mpya?

Jibu:

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Pedi usinunue kwanza. Kwenye laptopu mchezaji anaitika pale pale, kwenye tivii anachelewa, na pedi ni zile zile. Basi ugonjwa uko kwenye tivii, na dawa yake haina gharama.

Tivii za siku hizi hazionyeshi picha kama zilivyoipokea. Zinaishika kwanza, zinaisafisha, zinakoleza rangi, nyengine zinatunga hata picha za katikati ili mwendo uonekane laini, ndipo zinaitoa. Anayetazama taarifa ya habari haoni tofauti, kwa sababu sauti nayo inacheleweshwa ili viende pamoja. Mwenye pedi mkononi ndiye anayeumia. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, kila picha ni kama milisekunde 17. Tivii ikishika picha kwa milisekunde 100, unachokitazama kimepitwa na picha sita. Wewe unaruka kukwepa kitu ambacho kwenye kompyuta kimeshakupiga.

Kuna kijana wa Jang'ombe aliniletea pedi nne kwa pamoja, akaniambia zote zimekufa. Nikazifungua, nikazipima, zote nzima. Nikamwomba twende kwao. Pale nikachukua simu yenye kurekodi mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde, nikaisimamisha juu ya mto wa kuegemea ili kidole chake na tivii vionekane pamoja. Akabonyeza kitufe cha kuruka mara tano. Tukaitazama video picha moja moja, tukihesabu tangu kidole kilipogusa chini mpaka mchezaji alipoinua miguu. Tukahesabu picha 38. Kila picha hapo ni milisekunde nne na kidogo, kwa hiyo zaidi ya milisekunde 150 zilikuwa zinapotea. Nikaingia kwenye mipangilio ya tivii, sehemu ya picha, nikachagua Game badala ya ile ya rangi kali waliyoizoea. Tukapima tena: picha 17. Yule kijana hakusema kitu, alikaa chini akaanza kucheza.

Nawe fanya hivyo hivyo. Tafuta Game kwenye aina za picha. Usipoiona, ingia pale tivii inapokuruhusu kulipa jina tundu la HDMI, ulipe jina la PC. Kwenye tivii nyingi jina hilo peke yake linaiambia iache kuipamba picha. Zima pia kila kilichoandikwa kulainisha mwendo. Na kama mnarusha picha kutoka laptopu kwenda tivii bila waya, acheni leo. Njia hiyo inafaa kwa filamu, haifai kwa gemu.

Sasa tuje kwenye gemu zenyewe, na hapa nataka tupige hesabu pamoja. Mechi ya mpira, pamoja na kuchagua timu, kubadilisha wachezaji na kurudia magoli, inakula dakika 15. Mkiwa wanane ni jozi nne. Ukimaliza yako unasubiri mechi tatu, yaani dakika 45, ukae bure. Nani atavumilia hivyo usiku? Marafiki zako hawaondoki kwa kuchoka na gemu. Wanaondoka kwa sababu zamu yao haifiki. Kwa hiyo ukichagua gemu ya usiku wa watu wengi, kipimo chako cha kwanza kiwe muda wa mtu kukaa bila pedi. Uzuri wa picha na ukubwa wa jina la gemu viache vije baadaye.

Maskani watu wanalijua hili zamani. Kwenye keram na dhumna anayefungwa anainuka, na mchezo hauchukui muda. Bao ni la watu wawili, lakini walioizunguka meza wote wanaziona kete na kila mtu ana la kusema. Gemu unazozitaka zinatakiwa zifanane na hivyo: raundi fupi, watu wote kwenye skrini moja, na anayetazama aelewe kinachoendelea bila kufundishwa.

Ya kwanza ninayoipendekeza, na ningechukua hii hata kama ni moja tu, ni TowerFall. Ilitoka 2013, mwaka uliofuata ikaja kwenye kompyuta na PS4. Wapiga mishale wanne wako ndani ya uwanja mmoja unaoenea skrini nzima, hakuna kusogea kwa kamera. Kila mmoja anaanza na mishale mitatu tu. Ukiirusha ikakosa, inachoma ukutani, na itabidi uifuate uichomoe. Hapo ndipo utamu ulipo. Mtu aliyebaki hana mshale anakimbia mbele ya mwenye mitatu, anaruka, anajaribu kumkanyaga kichwani, na akibonyeza kukwepa kwa wakati wake khasa anaudaka mshale hewani na kuugeuza kuwa wake. Nimeona sebule nzima ikisimama kwa kudaka kumoja. Raundi mara nyingi haifiki dakika moja. Laptopu yako inaiweza bila jasho.

Namna ya kupokezana: msisubiri mechi iishe. Anayekufa wa kwanza kwenye raundi anatoa pedi pale pale kwa aliye mbele ya foleni, mpiga mishale anabaki yule yule, mtu ndiye anayebadilika. Pointi za gemu msizitazame, andikeni zenu kwenye karatasi. Mkiwa wanane na pedi nne (chini nitakueleza mtazifikishaje nne), mtu anakaa nje raundi nne, ambazo ni kama dakika nne. Linganisha na zile 45.

Ultimate Chicken Horse ya 2016 inafaa mkitaka kucheka zaidi kuliko kushindana. Kuku, farasi na wenzao wanatakiwa wavuke kutoka upande mmoja kwenda mwengine. Kabla ya kila mbio, kila mchezaji anachukua kitu kimoja na kukiweka njiani: ubao wa kukanyagia, msumeno unaozunguka, mtambo wa kurusha mishale. Wakifika wote, hakuna anayepata pointi, maana njia ilikuwa rahisi mno. Asipofika hata mmoja, vilevile hakuna kitu. Kwa hiyo unatakiwa utege mtego utakaowaua wenzako na wewe uupite, na mara nyingi unauawa na msumeno wako mwenyewe. Kwa RAM ya GB 4 funga kivinjari na kila programu nyengine, na upunguze ukubwa wa picha kama inasita.

Nidhogg ni ya wawili, panga kwa panga, lakini naiweka kwa sababu ya watazamaji. Kumuua mwenzako hakukupi pointi, kunakupa nafasi ya kukimbia upande wako, skrini baada ya skrini, na yeye anazaliwa tena mbele yako. Wenye nguvu sawa wanaweza kuvutana muda mrefu, basi iwekeni baadaye usiku wakati watu wamebaki wachache.

Kwa wasiotaka kushindana ipo Overcooked. Ni wapishi ndani ya jiko moja, wanakata, wanapika na kuosha sahani, oda zinaingia na saa inakimbia. Ina jambo moja litakalokufaa sana: inaruhusu watu wawili kushika pedi moja, mmoja upande wa kushoto, mwengine upande wa kulia. Kwa pedi zako mbili ulizonazo, watu wanne wanacheza leo leo. Ila ni nzito kuliko TowerFall, ijaribuni mchana kabla ya kuwaita watu.

Na kama hamna fedha kabisa, Hedgewars ni ya bure na halali. Timu za kalunguyeye zinarushiana mabomu kwa zamu, hadi timu nane, na kibodi moja inazunguka kwa wote. Hapo kuna kusubiri, nakubali, lakini zamu inapimwa kwa sekunde na anayesubiri anatazama kama bomu linamwangukia yeye. SuperTuxKart, mbio za magari, nayo ni ya bure, lakini kwako siikazanii. Gemu za kugawa skrini zinailazimisha kompyuta ichore uwanja ule ule mara nne, na tivii ya inchi 32 ikigawiwa kwa wanne kila mtu anabakiwa na inchi 16. Wa nyuma ya sebule haoni kitu.

Za kulipia zipakue siku yenye mtandao mzuri, uzifungue mara moja ukiwa na intaneti, kisha uweke Steam, ile programu ya kununulia na kufungulia gemu kwenye kompyuta, kwenye hali ya nje ya mtandao kabla ya usiku wenyewe. Nakuomba sana usichukue gemu za kuvunjwa zinazopita kwenye flashi. Laptopu nyingi ninazozifuta upya hapa kazini ziliingiliwa kwa njia hiyo, na wenyewe walikuwa na kazi zao za skuli na picha za familia humo.

Kuhusu pedi, sasa. Mbili unazo, kibodi ya laptopu inakuwa ya tatu, basi nunua moja tu. Kibodi ina tabia yake: vitufe vimeunganishwa kwa safu na mistari, na ukibana vitatu kwa pamoja vilivyokaa vibaya, cha tatu hakisomeki. Mtu ataapa kwamba alibonyeza, na atakuwa anasema kweli. Fungua programu ya kuandikia, bana vitufe viwili vya kutembea, kisha gonga cha kuruka. Herufi isipotokea, hamisha kuruka kwenye Ctrl au Shift, ambavyo kwa kawaida vina njia zao peke yao. Ukichagua Shift, kwanza zima Sticky Keys kwenye mipangilio ya Windows, ama sivyo ukiigonga mara tano mfululizo dirisha litakurukia katikati ya mchezo.

Pedi ya PS4 inafaa, hata iliyotumika, mradi ujaribu vijiti vyake kabla ya kulipa: viache bila kugusa, utazame kama mchezaji anatembea mwenyewe. Iunganishe kwa waya. Na waya uwe wa data, kwa sababu waya nyingi za bei nafuu zina nyuzi za chaji tu ndani yake. Pedi inawaka taa, kompyuta haiioni, na mtu anaamini imekufa. Kama waya huo unahamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta, ni mzima. Tundu za USB zikikupungukia utatumia kigawanyio, lakini pedi zenye betri zinavuta umeme wa chaji kwa pamoja, na tundu moja la USB 2.0 limepangiwa milliampia 500 tu. Zichaji zote mchana zijae, au tafuta kigawanyio chenye umeme wake.

Kwenu Wete bahari iko karibu na chumvi inakula shaba ya vichwa vya USB. Pedi inayokatika-katika ukiigusa waya, ifute kichwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, uiache ikauke kabisa ndipo uirudishe.

Umeme ukikatika laptopu inabaki kwenye betri yake, tivii inazimika. Laptopu na tivii ya LED ya inchi 32 kwa pamoja hazivuti zaidi ya kama wati 100, kwa hiyo UPS ndogo ya ofisini, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, itawavusha ukatikaji wa dakika chache. Kama hamna UPS, umeme ukirudi kwa kishindo tivii iwe imechomolewa.

Mpira wenu msiuache, ni mzuri. Punguzeni muda wa mechi mpaka wa chini kabisa, mcheze wawili kwa wawili, na zimeni kurudia magoli.

Anza leo na kile kipimo cha simu. Ukishaweka Game na bado unahesabu zaidi ya picha 25, niandikie aina ya tivii na tundu mnalolitumia, na kama laptopu ina tundu la VGA, lile la zamani la kupitishia picha, nitajie pia, tutaipitia hiyo njia.