Tairi kubwa, difu ileile: maswali yenu

Hilux yangu ilikuja na 265/70R16 nikaweka 285/75R16, imependeza kweli ila nikipakia viazi gia namba tano haikai, kilima kidogo tu narudi nne. Difu ni 4.1. Injini imechoka? (Mbeya)

Injini haina kosa mkuu, iache. Tairi la zamani lina kipenyo cha kama milimita 777, jipya 834, limezidi asilimia 7 na kidogo, na kila gia kwenye hiyo gari imekuwa nzito kwa kiasi hichohicho. 4.1 maana yake propela (ile shafti inayotoka giaboksi mpaka kwenye difu, yaani gia za kwenye ekseli) inazunguka mara 4.1 ndo tairi lizunguke mara moja, sasa tairi likikua na hiyo namba inabidi ikue. Chukua 4.1 zidisha 834 gawa kwa 777, unapata 4.4, hapo gari inarudi kuvuta kama zamani. Shida ni kwamba 4.4 dukani huipati, utakutana na 4.3 au 4.56. Mtu wa lami na gari tupu achukue 4.3 maisha yaendelee, ila wewe unapakia lumbesa (usinibishie, naijua hiyo barabara ya Uyole) chukua 4.56, kwenye tambarare injini italia kidogo zaidi na mafuta yataenda zaidi kidogo lakini mlimani utanishukuru. Na wale wanaosema tairi kubwa inapunguza RPM kwa hiyo inabana mafuta, sawa, mpaka pale unapopanda mlima Kitonga wote kwa gia namba mbili.

Nitajuaje difu yangu ni namba ngapi bila kuifungua?

Weka gari nyutro, zuia matairi ya mbele kwa mawe, nyanyua tairi moja tu la nyuma, lile lingine libaki chini. Piga alama ya chaki kwenye propela, zungusha tairi raundi mbili kamili huku mtu anahesabu propela. Ikizunguka nne na kidogo ni 4.1, ikikaribia tano ni 4.88. Raundi mbili, sio moja, kwa sababu tairi la upande wa pili limesimama na difu inagawa. Kama difu ina loku ya kudumu (matairi mawili ya nyuma yamefungwa pamoja) hii haifanyi kazi. Ukishaifungua basi hesabu meno tu, kraunwili (gia kubwa ya difu) 41 kwa pinioni (ile ndogo inayoizungusha) 9 ndo 4.56 yenyewe.

Fundi ananiambia tubadilishe ya nyuma peke yake, ya mbele sitaiona tofauti. (Nakuru)

Kimbia. Siku utakayoweka fo-wili mbele na nyuma zitakuwa zinavutana, kwenye matope unaweza usisikie kitu, kwenye lami utavunja kitu cha bei. Zote mbili au acha kabisa.

Nimepigwa tochi kwenye 50 na dashibodi ilikuwa inasoma 50, naapa!

Nakuamini kama umeweka tairi kama za huyo wa Mbeya, maana hapo dashibodi ikisoma 50 wewe uko karibu 54. Trafiki hana habari na hesabu zako. Huyo wa Mbeya akifunga 4.56 na spidi yake inasomwa kwenye giaboksi, akiona 50 atakuwa kwenye 48 hivi, salama. Ila gari za siku hizi zinazosoma spidi kwenye matairi, difu haisaidii kitu, inabidi irekebishwe kwa kompyuta.

Nataka 315/75R16, kwa hiyo niende 4.88 moja kwa moja?

Hesabu kwa 4.1 inakuja 4.64, kwa hiyo 4.88 ndo ya mtu wa mizigo na porini, sio mbaya, ila jua kwamba namba ikipanda pinioni inakuwa ndogo na uvumilivu wake unapungua ukiwa mkorofi. Mi binafsi ningebaki na tairi la 285. Kama umeamua, kraun na pinioni zinakuja jozi, usichanganye ya huyu na ya yule, badilisha na beringi humohumo, na tafuta fundi mwenye geji ya kupimia ule mwanya wa meno (kama milimita 0.15 hivi), sio anayetikisa kwa mkono halafu anasema iko poa. Mwanzoni tembea kilomita 20 hivi uache ipoe kabisa, rudia mara kadhaa, usivute tela, na ukifika kilomita 800 mwaga oili, utaikuta inameta vyuma, usiogope.